Nani Atalipa Karantini? Haki za Binadamu Hupotelea Kwenye Jedwali la Amri

Tarehe 16 Aprili 2020 Mahakama Kuu ya Kenya ilitoa hukumu ambayo kila upande uliipokea kwa moyo nusu. Chama cha Wanasheria, LSK, kilikuwa kimeomba kafyu ya Korona ifutwe. Jaji Weldon Korir akasema kafyu ni halali, ila nguvu waliyoitumia polisi kuitekeleza ilivunja Katiba. Vichwa vya habari viliishia hapo. Lakini humo ndani mlikuwa na agizo jingine ambalo wengi walilipita: Waziri wa Usalama wa Ndani alipewa siku 5 arekebishe jedwali la wanaoruhusiwa kutembea usiku, aongeze wanachama wa LSK na wa IPOA, ile mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi.

Hebu fikiria maana yake. Kafyu ilianza 27 Machi. Kwa siku 20 askari walikuwa barabarani usiku wakiwa na marungu na bunduki, na chombo kilichoundwa kisheria kuwachunguza hakikuwamo katika orodha ya wanaoruhusiwa kutoka nje. Ndani ya siku hizo hizo mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko, Nairobi. Kufikia mwanzoni mwa Juni IPOA ilikuwa imepokea malalamiko 87 yaliyohusu utekelezaji wa kafyu, yakiwamo ya vifo 15.

Huenda aliyeandika jedwali lile hakukusudia kumficha mtu. Aliwaza madaktari, walinzi, watangazaji, wasafirishaji wa chakula, akafunga faili. Hivyo ndivyo haki nyingi zilivyopotea wakati wa Korona, si Kenya peke yake. Katiba haikuguswa hata mstari. Matatizo yalizaliwa kwenye viambatisho vya amri, kwa maswali ambayo mwandishi hakuyajibu: nani amesamehewa, nani analipa, amri inaisha lini, na mtu akionewa amwendee nani saa mbili usiku. Mijadala yetu kuhusu haki wakati wa janga huelea juu sana, huku anayeumizwa akiumizwa na aya ya tatu ya jedwali.

Tuchukue karantini, maana ndiko fedha na uhuru vinakokutana.

Machi 2020 serikali iliagiza kila anayeingia nchini akae karantini ya lazima kwa gharama yake mwenyewe. Waliokuwa na uwezo walienda hotelini. Wengine walipelekwa mabweni ya vyuo na vituo vya umma, kwa shilingi 2,000 kwa siku. Siku 14 ni shilingi 28,000. Kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida Nairobi wakati huo kilikuwa shilingi 13,572 na senti kadhaa kwa mwezi. Kwa hiyo mtu aliyerudi kutoka kazi za ndani Ghuba, mkataba umevunjika na mfuko mtupu, alidaiwa zaidi ya mishahara miwili ya nyumbani kwa kosa la kupanda ndege. Kisha siku zikaongezwa, kwa wengine zikafika 28. Hesabu ikawa 56,000, na waliokuwa wamemaliza siku zao wakazuiwa getini mpaka walipe.

Linaloudhi ni kwamba jibu lilikuwapo kwenye vitabu tangu enzi za mkoloni. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ilianza kutumika mwaka 1921. Kifungu chake cha 27 kinahusu mtu aliyekaribiana na ugonjwa wa kuambukiza na ambaye anakoishi hawezi kujitenga na wenzake. Kinataka mambo manne. Ofisa wa afya awe na maoni ya kitaalamu kwamba mtu huyo amekaribiana na ugonjwa hivi karibuni na huenda anao ila haujajitokeza. Maoni hayo yawe kwenye cheti kilichotiwa saini. Hakimu ndiye atoe amri ya kumhamisha. Na gharama ibebwe na serikali ya mtaa ya mahali alipokutwa. Mkoloni, ambaye hakuwa na sifa ya kuwahurumia wenyeji, aliandika kwamba umma ndio unaolipa, kwa sababu umma ndio unaokingwa.

Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, ambazo Kenya ni mwanachama wake, zinakwenda njia hiyo hiyo. Ibara ya 40 inakataza nchi kumtoza msafiri gharama za karantini au kutengwa, isipokuwa yule anayekuja kutafuta makazi ya muda au ya kudumu. Raia anayerudi kwao hatafuti makazi. Mwanzoni mwa Mei 2020 serikali ilitangaza kwamba itabeba gharama za vituo vya umma. Ilichelewa zaidi ya mwezi kwa jambo lililokuwa limeandikwa.

Na kwa nini siku 14 zikageuka 28? Hapa makosa yalikuwa ya mpangilio wa vyumba. Karantini ni kwa ajili ya mtu asiye na dalili ambaye huenda ameambukizwa. Mgonjwa aliyethibitika hutengwa kwingine kabisa. Saa ya karantini huhesabiwa tangu siku ya mwisho mtu alipokaribiana na mwenye virusi. Ukiwalaza watu wanne chumba kimoja, wakatumia choo kimoja na kupanga foleni moja ya chai, mmoja akipatikana na virusi siku ya 12, saa ya wenzake inarudi sifuri. Si kwamba maofisa walikuwa wakatili. Kituo chenyewe kilikuwa kinazalisha ukaribiano mpya kila siku, kisha kinawatoza wakaaji gharama ya uzembe wake. Dawa yake inajulikana: kila mtu chumba chake, ikishindikana, wapangwe kwa tarehe ya kuingia na wasichanganyike na kundi jingine, vipimo vichukuliwe kwa ratiba iliyoandikwa ukutani, na kila mtu apewe karatasi yenye tarehe yake ya kutoka. Kituo kisichoweza hayo hakifai kumpokea mtu anayeweza kujitenga nyumbani kwake.

Baya zaidi, karantini ikafanywa adhabu. Waliokamatwa wakivunja kafyu walipelekwa vituoni kwa hoja kwamba wachukuliwe kama watu waliokaribiana na wagonjwa. Kifungu cha 27 hakisemi hivyo. Kuchelewa kurudi nyumbani si dalili ya kuambukizwa, na hakuna ofisa wa afya anayeweza kuapa kwamba ni dalili. Matokeo yakawa yale ambayo mtu yeyote wa afya ya jamii angeyatabiri. Aprili 2020 makumi ya watu waliruka ukuta wa kituo kimoja Nairobi wakatokomea mtaani. Mitaani nako watu wakajifunza kwamba ukitaja jina la jirani uliyekaa naye umempa deni la maelfu, na ukipimwa umejipeleka jela isiyo na hukumu. Ufuatiliaji wa waliokaribiana na wagonjwa hutegemea watu kutaja majina kwa hiari. Ukiua hiari hiyo umejifunga macho mwenyewe. Ndiyo maana haki ya mgonjwa si hisani anayopewa baada ya ugonjwa kudhibitiwa. Ni sehemu ya udhibiti wenyewe.

Kenya haikuwa na kisingizio cha ugeni. Mwaka 2010, kaunti ya Nandi ya leo, wagonjwa wa kifua kikuu walioacha dawa walishtakiwa chini ya kifungu hicho hicho cha 27 na hakimu akawapeleka gereza la Kapsabet kwa miezi 8. Walikaa siku 46 kabla ya kutolewa. Ni nani aliyewaza kwamba seli iliyojaa, isiyo na madirisha ya kutosha, ni mahali pa kumtibia mtu wa TB, hilo tuliache. Tarehe 24 Machi 2016 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba kuwafunga kulivunja Katiba: kifungu kinaruhusu kumtenga mgonjwa mahali pa matibabu, hakiruhusu gereza. Aliagiza maofisa wa afya wafafanuliwe hivyo kwa waraka, na sera ya kuwatenga wagonjwa wa TB iandaliwe. Miaka minne baadaye, waliokuwa wakiendesha karantini walitenda kama hukumu hiyo haijawahi kuandikwa.

Turudi kwenye kafyu. Jedwali la msamaha lilipangwa kwa kazi. Ukiwa daktari unapita, ukiwa mwandishi wa habari unapita. Uchungu wa kujifungua si kazi. Mjamzito aliyeshikwa na uchungu saa tano usiku Kayole au Mukuru hakuwa kwenye orodha, na hata kama askari angemhurumia, bodaboda wa kumbeba hakuwa kwenye orodha pia, wala dereva wa teksi. Daktari wa uzazi Jemimah Kariuki aliliona pengo hili mapema, akaanzisha huduma ya simu ya bure: mama anapiga, daktari anamsikiliza na kupima uzito wa hali, kisha anatumiwa teksi yenye kibali au gari la wagonjwa ikiwa ni dharura. Ilifanya kazi kwa sababu iliunganisha vitu vitatu ambavyo amri ilivitenganisha, yaani ushauri, chombo cha usafiri na ruhusa ya kupita.

Somo lake kwa mwandishi wa amri ni jepesi. Msamaha uandikwe kwa hitaji: mtu yeyote anayetafuta matibabu, anayemsindikiza mmoja, na chombo kinachowabeba. Kusiwe na sharti la karatasi, maana mwenye uchungu hana muda wa kupiga chapa. Askari wa kizuizi aagizwe kumsaidia kufika hospitali iliyo karibu na aandike namba ya gari na saa kwenye daftari lake, ili kesho yake anayedanganya aulizwe. Watakaotumia mwanya huo kwenda baa watakuwapo. Gharama yao ni ndogo kuliko mama mmoja aliyevuja damu kwenye kizuizi.

Akishafika hospitali, vita vingine vinaanza. Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 7, imeeleza matibabu hayo ni nini: huduma kabla ya kufika hospitali, kumtuliza mgonjwa hali yake isizidi kuharibika, na kumpangia uhamisho pale kituo kinaposhindwa. Kituo chenye uwezo kinachokataa kinaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 3. Soma vizuri neno la uhamisho. Kumwambia ndugu wa mgonjwa "mpelekeni kwingine" hakuhesabiki. Kituo kinatakiwa kimtulize kwanza, kipige simu, kipate kitanda, kiandike barua ya rufaa. Na mgonjwa akipona, kumzuia wodini kwa sababu ya bili kulishatangazwa kuwa kinyume cha sheria mwaka 2015, katika kesi ya wanawake waliozuiwa baada ya kujifungua.

Sheria hiyo nzuri, lakini, haipumui kwa niaba ya mgonjwa. Mtungi mkubwa wa oksijeni unaotumika wodini hubeba takriban lita 6,800. Mgonjwa mkali wa Korona anayehitaji lita 10 kwa dakika anaumaliza kwa saa 11 hivi. Mahututi anayekwenda lita 30 anaumaliza kabla ya saa 4. Hospitali ya kaunti ndogo yenye wagonjwa watano wa aina ya kwanza inahitaji mitungi 10 au 11 kila siku, na lori la kuileta, na mtu wa kuibadilisha saa tisa usiku. Mashine za kuchuja oksijeni kutoka hewani husaidia, lakini nyingi hufikia lita 5 hadi 10 na hufa umeme ukikatika. Kwa hiyo anayedai haki ya afya kwenye bajeti ya kaunti asiishie kwenye idadi ya vitanda. Aulize lita kwa dakika, aulize jenereta, aulize nani ameajiriwa zamu ya usiku.

Aulize pia kama huyo wa zamu analipwa. Desemba 2020 daktari kijana wa miaka 28 aliyekuwa akihudumia wagonjwa wa Korona Machakos alifariki akiwa hajapata mshahara kwa miezi 5. Wauguzi na maofisa wa kliniki waligoma kuanzia tarehe 7 mwezi huo, madaktari wakafuata tarehe 21. Mwaka huo huo ukaguzi maalumu ulikuwa umebaini ununuzi wa shilingi bilioni 7.8 uliokiuka taratibu katika shirika la kusambaza dawa, KEMSA, vifaa vingine vikiwa vimelala ghalani. Anayewalaumu wagonjwa kwa kutoiamini serikali aanze kusoma ukaguzi huo.

Magonjwa mengine hayakwenda likizo. Mapema 2021 shehena ya dawa za ARV, za kupunguza makali ya VVU, iliyotolewa msaada na Marekani ilikwama bandarini Mombasa kwa mvutano wa kodi na wa nani aisambaze, na watu waliozoea kupewa dawa za miezi mitatu wakaanza kupewa za muda mfupi zaidi, wakati ambao kila safari ya kliniki ilikuwa hatari. Kongo ilishatoa onyo. Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri ya 2018 hadi 2020 iliua watu 2,287, na dunia nzima ikaijua. Surua, katika nchi hiyo hiyo, ilikuwa imeua zaidi ya watu 6,000 kufikia Januari 2020, wengi wao watoto wadogo, karibu bila kamera. Chanjo yake ipo miaka mingi. Mpango wa janga usiotaja kwa jina kliniki za wajawazito, chanjo za watoto, TB, ARV, sukari na usafishaji wa figo, pamoja na jengo na siku zitakapoendelea, ni nusu ya mpango.

Kuhusu chanjo ya Korona nitasema machache. Novemba 2021 Waziri wa Afya alitangaza kwamba kuanzia 21 Desemba asiyechanjwa hatapata huduma za serikali ana kwa ana. Mahakama Kuu ilisimamisha agizo hilo kabla halijaanza. Sharti la namna hiyo linaweza kutetewa pale chanjo imefika kila kata na mtu amekataa kwa hiari. Kuwanyima huduma watu ambao dozi haijawafikia ni kuwaadhibu kwa upungufu wa ghala la serikali.

Sasa, mtu akibanwa afanye nini? Kwanza kumbukumbu, maana kesi nyingi hufa kwa kukosa saa na majina. Andika tarehe, saa, mahali, namba ya askari au ya gari, jina la mhudumu aliyekataa na maneno aliyotumia. Ukipigwa, nenda hospitali siku hiyo hiyo, utibiwe na fomu ya P3, ile ya polisi ya kuthibitisha majeraha, ijazwe. Majeraha ya marungu hufifia haraka na daktari wa wiki ijayo ataandika "kovu". Malalamiko dhidi ya polisi yapelekwe IPOA, usiishie kwenye kituo kile kile kilichokupiga. Dhidi ya hospitali au daktari, Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno.

Aliyezuiliwa karantini aombe vitu vitatu kwa maandishi: cheti cha ofisa wa afya, amri ya hakimu, na tarehe ya kutoka. Wakigoma, kuna silaha ambayo watu wengi hawaijui. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa ofisa wa umma siku 21 kujibu ombi la kawaida, lakini habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu anapaswa kuitoa ndani ya saa 48. Andika wazi kwenye ombi kwamba linahusu uhuru wa mtu, la sivyo huenda likaingia foleni ya siku 21. Jibu, au kimya chao, ni kielelezo mahakamani.

Na mahakamani si lazima uende na wakili na mfuko wa fedha. Ibara ya 22 ya Katiba inaruhusu mtu, au mwingine kwa niaba yake, kufungua shauri la haki za msingi bila ada ya kulifungua, na mahakama inaweza kupokea hata barua. Haki ya kuletwa mbele ya jaji ili uhalali wa kuzuiliwa uchunguzwe iko Ibara ya 25, miongoni mwa zile chache ambazo haziwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote, janga likiwamo. Kilichowakwamisha watu 2020 ni kwamba mahakama zenyewe zilipunguza shughuli katikati ya Machi, na mfumo wa kufungua kesi kwa mtandao Nairobi ulianza rasmi 1 Julai. Katikati hapo palikuwa na miezi mitatu na nusu ambayo haki ilikuwapo na dirisha la kuidai lilikuwa limefungwa nusu.

Kazi iliyobaki ni ya kaunti, na inafaa ifanywe wakati hakuna mgonjwa. Marburg ilitokea Kagera Januari 2025, mpox ilipatikana mpakani Taveta Julai 2024, kwa hiyo hatuzungumzii historia. Kifungu cha 27 kinaposema gharama ni ya serikali ya mtaa, kwa leo hiyo inaangukia kaunti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inairuhusu kaunti kuwa na mfuko wa dharura. Wajumbe wa bunge la kaunti waulize mfuko huo una kiasi gani, na kama chakula, magodoro na vipimo vya karantini vimetajwa ndani yake. Idara ya afya iwe na fomu ya cheti iliyokwisha kupigwa chapa, orodha ya majengo yenye vyumba vya mtu mmoja na mkataba wake, na namba ya simu ya hakimu wa zamu. Rasimu ya amri yenyewe ikae kwenye faili, ikiwa na nafasi tupu mbili tu za kujaza, jina la ugonjwa na tarehe ya kwisha.